Ng'ombe wa Guku Bado Wanarudi

Baba mdogo anapenda kuwaambia ukweli watu ambao ukweli hauwasaidii. Guku, yaani babu yangu aliyenilea hapa kijijini nje ya Bariadi, alishaanza kusahau mpaka majina ya wanawe. Ikifika saa kumi na moja jioni hatulii. Anashika fimbo, anazunguka uani, anauliza mbona ng'ombe hawajarudi. Baba mdogo akamjibu kwamba waliuzwa wote, zamani sana.

Sasa wewe mwambie mzee wa Kisukuma kwamba zizi lake ni tupu. Alichoelewa yeye ni kwamba wameibwa leo. Akatoka akapiga mwano, ule ukelele wa wizi wa ng'ombe, na wanaume wakaja mbio na marungu mpaka wa ng'ambo ya mto. Tukabaki kuwaomba radhi mmoja mmoja.

Kwa aibu hiyo, baba mdogo akanunua kufuli la chumba cha guku, na vidonge vya usingizi bila kumuuliza daktari. Vidonge nilivitupa chooni. Kuhusu kufuli tulitukanana mpaka mama akaingia katikati. Mzee aliyenibeba mabegani hafungiwi kama mbuzi.

Mimi sijasomea haya mambo. Nilichoona tu ni kwamba guku anatafuta kazi yake. Kesho yake nikamuwahi kabla hajaanza kuzunguka, nikamwambia twende tukawaingize ng'ombe. Zizini akawaita kwa rangi zao, akapanga magogo mlangoni, akanikemea kwamba nayaweka kizembe. Nikakubali kosa. Akala ugali, akalala. Tukafanya hivyo kila jioni. Siku nyingine inagoma, ananitukana, tunazunguka zizi tena mpaka hasira zake ziishe. Zangu huwa zinabaki.

Jumapili moja baba mdogo akaja na kufuli lake. Nikamwambia afunge, ila kwanza aje zizini. Akasimama pale amekunja mikono. Guku akamgeukia.

"Wewe kijana, yule mweusi wa baka jeupe amefika?"

Baba mdogo akafungua mdomo. Nilimtazama vibaya sana.

"Amefika, baba," akasema. "Yuko nyuma ya wenzake."

"Basi leta gogo."

Akaleta. Guku akaingia ndani kula. Baba mdogo akapanda pikipiki yake na kufuli mfukoni, hakuaga mtu. Mpaka leo hajaniomba msamaha, na mimi sijamsamehe.