Kidonge cha Asubuhi ya Mazishi

Mama alifariki alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi nyumba yetu ya Ndia Kuu ilikuwa imejaa wanawake wakilia. Mimi nilikuwa jikoni, bilauri ya maji mkono mmoja, kidonge mkono wa pili, macho makavu. Ndipo akaingia mdogo wangu, binti wa mwisho wa mama, kope zimemvimba.

Alisema watu washaanza kunong'ona. Shangazi ameuliza mbele ya wote kama niligombana na marehemu. Kisha mdogo wangu akanishika mkono wenye kidonge.

"Usimeze leo, dada. Leo tu. Mlilie mamako."

Nilikasirika hadi masikio yakaniwaka moto. Alikuwa amesahau dawa hizi za sonona zilivyonitesa. Ya kwanza ilinilaza mpaka adhuhuri, mdomo mkavu, nikanenepa hata nguo zote zikanibana. Ya pili ilinitetemesha mikono hata kahawa ikawa inanimwagikia. Hii ya tatu ndiyo iliyoniinua kitandani ikanirudisha kazini Mbaraki, nikaweza kula, kucheka, na hata kuzozana na majirani kama watu wengine. Lakini ilinichukulia machozi. Daktari alisema hilo huwapata baadhi ya watu, na tungeweza kujaribu nyingine. Nilikataa, nilikuwa nimechoka kujaribiwa. Wakati mmoja niliiacha kimyakimya, na haukupita mwezi mama akawa ananilisha uji kwa kijiko, nimegeukia ukuta. Tangu hapo alinipigia simu kila asubuhi kuniuliza kama nimemeza.

Nilimeza. Mdogo wangu aliniachia mkono, akanitazama kama mtu asiyenijua.

Haikuchukua muda mwosha maiti, mama mmoja wa mtaani, akatokea mlangoni mwa chumba cha ndani. Alitaka binti mmoja wa kumsaidia kutia maji.

"Lakini asolia," akasema. "Matozi yasimwangukie maiti."

Wanawake wote wakanigeukia mimi nisiyelia, wale wale waliokuwa wakinong'ona juu yangu. Mdogo wangu alijaribu kutangulia, akafika kizingitini, akaangua kilio. Nikampita, nikaingia.

Nilitia maji polepole. Nilitaka kulia kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na chozi halikuja. Basi nikamtazama mama. Nilimtazama kila mahali ambapo kitambaa hakikumfunika.

Wanaume walipokwisha kutoka na jeneza, mdogo wangu alinifuata chumbani.

"Alikuwaje?" akauliza.

Nilimwambia uso wa mama ulikuwa umetulia. Hina ya Idi ilikuwa bado kwenye kucha. Na nyuma ya sikio la kushoto alikuwa na kidoti cheusi, ambacho miaka yote ile hatukuwahi kukiona. Akaniangukia begani, akalia mpaka buibui langu likalowa. Nilimshika vizuri asianguke, na nikamwonea wivu.