Mama Ananiita kwa Jina la Mdogo Wangu Aliyekufa

Wakubwa wenzangu shikamooni, vijana marahaba hata kama hamjaniamkia. Admin, nifiche. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tatu, mstaafu wa ushirika, naishi Makoko hapa Musoma. Mke wangu ametangulia mbele ya haki. Ninamtunza mama yangu mzazi ambaye amepita tisini, na ndiye aliyenifanya nije kulia kwenye simu na umri wangu huu. Tangu alale kitandani ananiita kwa jina ambalo nilikatazwa kuliitikia nikiwa kijana. Mimi namsikia vizuri, lakini nakaa kimya kama kiziwi.

Jina lenyewe silitaji. Na wala si kwa kuwaogopa ninyi.

Nilizaliwa upande wa Suguti. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee walimtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina atakalonyamazia ndilo lake, maana mwenyewe amerudi. Mimi nilinyamazia jina la baba yangu mdogo, aliyechukuliwa kwenda vita vya Wazungu, hakurudi wala hakuletwa kuzikwa. Bibi aliyemzaa alinipenda mapenzi ya watu wawili.

Miaka ile ya Ujamaa, nikiwa chuoni, nilichaguliwa kwenda Ulaya Mashariki kwa masomo ya kiangazi, miezi mitatu, kujifunza mambo ya ushirika. Nyumbani ikawa sherehe, jogoo wakaisha. Mwenyekiti wa chama akasimama mbele ya watu akasema, "Huyu akirudi atatufundisha kulima pamoja bila kugombana!" Bibi peke yake hakucheka. Alisema, "Mwenye jina hili akivukaga maji harudigi. Aende, lakini jina litabaki hapa."

Akalibakiza kweli. Mama alikuwa na kitinda mimba wa kiume, hata meno hajaota, na jina la ukoo alikuwa hajapewa. Bibi akanivua mimi jina akamvika yeye. Kisha akanishika kidevu: "Kuanzia leo wewe ni wa jina la kanisani tu. Mtu akikuita hili lingine huko, usiitike, hata kama sauti unaijua." Nikacheka kisomi, nikaenda zangu Bunda kupanda basi la Mwanza.

Siku za kwanza kule zilinitesa, nisiwadanganye. Jua lilikataa kuzama. Mkate mweusi, mchachu, na supu ya kabichi asubuhi na jioni. Jina langu la kanisani walilitamka vibaya mpaka nikawa sigeuki nikiitwa. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale hawakusubiri hata hiyo ya tatu. Eti masomo ni pamoja na vitendo, tukapelekwa kupalilia viazi. Nikajiuliza, nimepanda ndege nije kushika jembe nililolikimbia Suguti? Nilikuwa mpweke sana. Sikuwa na mtu wa kusema naye hata neno moja la kwetu.

Ilikuwa mchana, jua limewaka, niko katikati ya tuta. Nikasikia mama ananiita nyuma yangu kwa jina lile. Sauti ya mama kabisa, anavyomwita mtu aliye mbali na anazidi kwenda. Ndugu zangu, furaha ilinijaa kabla akili haijakumbuka chochote. Nikageuka nikaitika kwa nguvu, "Eee mama!" Wenzangu wakainua vichwa kunishangaa. Nyuma hapakuwa na mtu, ni matuta tu mpaka macho yanapoishia.

Niliporudi baba alinipokea stendi ya Musoma, akaniambia mdogo wangu alifariki kwa homa wiki ile ile niliyofika Ulaya. Nyumbani, bibi hakuniuliza habari za safari. Aliuliza, "Uliitika?"

"Niliitika, bibi. Nilisikia ni mama."

"Ni yeye. Alikuwa anamwita mtoto asiende. Anayetaka kwenda tunamwitaga, akiitika anarudi. Sasa ukaitika wewe, mtoto akanyamaza."

Mama alikuwa amekaa pale pale, anasikia. Hakulia wala hakunilaumu. Ila tangu siku ile hakuniita tena kwa jina lolote, hata la kanisani. Ni "wewe", na nilipopata watoto ikawa "baba watoto". Alinipikia, alinichezea harusi, tulizika naye bibi na baba, lakini jina hapana. Inauma, jamani. Inauma hata ukiwa na mvi.

Mwaka uliofuata tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, na penye kaburi la mtoto pakawa shamba la pamba la kijiji. Mimi bwana ushirika nilikuwa napita mle kukagua pamba, sijui nakanyaga wapi.

Sasa kumbukumbu zimemtoroka mama. Nikimpelekea uji anaita jina lile, kwa sauti ile niliyoisikia kwenye viazi. Nisipoitika analia, ananiuliza mimi mwenye bakuli mkononi, "Mbona mtoto haitiki?"

Binti yangu anasema, "Baba, itika tu bibi apumzike, hilo ni jina tu." Mzee wa kanisa yeye anasema ni mapepo, tukemee. Mimi sioni pepo pale, naona mama.

Na siogopi kufa, kwa umri huu nimwogope nani? Ninachoogopa ni kwamba mtoto yule hakuishi hata kutambaa. Hana picha, hana kaburi. Jina lile ndiyo mali yake yote hapa duniani, na wa kumwita nalo amebaki mmoja. Nikiitika, nitakuwa nimemnyang'anya mara ya pili. Nisipoitika, mama atakata roho akiwa anaita.

Leo asubuhi ameita tena. Nimefungua mdomo, nikaufunga. Nishaurini ndugu zangu, kesho akiita niitike?