Kuanika Maji Mlali

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Anafuga kuku wa mayai kule Mlali, na kwa miaka mingi kuku wake, wazima kwa wagonjwa, wamekunywa maji ya njano yaliyotiwa antibiotiki. Mwenyewe anaiita kinga. Maji ya kuoshea vyombo vyao humwagwa shimoni, na shimo liko jirani na kisima anachochotea. Zahanati walimpa dawa, zikagonga mwamba. Daktari wa mjini akasema vijidudu vya kidonda kile vimeshazizoea. Imebaki sindano ya aina moja, nayo ikishindwa mguu utakatwa.

Mimi ni fundi wa maabara chuoni. Kwa mguu sikuwa na la kufanya, nikaamua kuhangaika na maji. Ndivyo tulivyo wasomi.

Kazi yenyewe si ngumu. Kuna unga mweupe, wa aina ile ile inayotiwa kwenye rangi za ukuta. Unaukoroga kwenye maji machafu, unayaweka juani, na mwanga ukiupiga, unga unaivunjavunja dawa iliyomo. Jua tunalo hata la kugawa. Nikachota maji ya shimo, nikapanga mabeseni uani kwa mama mkubwa. Jirani mmoja alipita, akatazama mtu mzima anaanika maji, akanipa pole. Alimaanisha.

Nikaenda kazini, nikarudi jioni. Njano iko pale pale. Kesho yake hivyo hivyo. Nikaulaumu unga, nikalaumu mawingu ambayo hayakuwepo. Keshokutwa yake nikaomba ruhusa, nikabaki. Jua lilipochomoza sawasawa, mama mkubwa akatoka anachechemea, akafunika kila beseni kwa sinia.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafunika maji. Mwanangu, maji yanaachwa wazi kama nyumba haina mwenyewe?"

Kumbe jioni alikuwa anayafunua kabla sijafika, nisijue kwamba ameuona uzembe wangu. Nilikasirika kweli. Halafu nikamtazama alivyosimama kwa mguu mmoja kunisitiri, hasira ikaniishia.

Tukayaacha wazi. Jioni njano ilikuwa imetoka. Nikapeleka chupa maabara, na kipimo kikaonyesha dawa karibu yote imevunjika. Nikarudi Mlali mbio kumweleza. Alikuwa mkekani, mguu ameunyoosha, bandeji imelowa tena.

"Kwa hiyo maji yamepona," akasema.

"Yamepona, mama."

"Na huu?"

Nikamwambia mwanga haufiki ndani ya nyama. Huo tusubiri sindano, anaanza Jumatatu. Niliona vibaya kuwa na furaha mbele yake.

Akasikiliza kuku wanavyogombana bandani.

"Kesho wape maji matupu," akasema. "Nimebakiwa na sindano moja. Sitaki vijidudu viizoee na hiyo."