Mashine ya Baba na Mafuta ya Nyanya

Juzi nilivuka kwenda Siyu baada ya miaka mingi, na kabla hatujafika bandari ya Mtangawanda mashine ya boti ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Abiria wakashika nyuradi. Mimi nikamwambia kijana aliyeshika usukani, "Plagi hiyo, mwanangu. Ifungue uipanguse." Akanitazama, kikongwe mimi na buibui langu, akacheka mpaka akashika mbavu. Nikwambie ukweli, haikuwa plagi. Petroli ilikuwa imemwishia, mjinga yule, akatia nyingine tukaenda. Lakini haya sikuona hata chembe. Mtu aliyelelewa na mashine ana haki ya kukisia, hata akikosea.

Ndiyo, mimi nililelewa na mashine, tena Siyu, miaka ile kabla ya vita vya Mjerumani, wakati gari hatujalijua hata kwa ndoto. Keti vizuri nikusimulie.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya kinu. Nyanya, mamake baba, alikuwa na kinu cha kushindikia mafuta ya simsim uani: gogo kubwa lililochimbwa katikati, mchi mnene ndani yake, na boriti ndefu iliyofungwa kwa ngamia. Ngamia alizibwa macho kwa vifuniko vya ukili asipate kizunguzungu, akazunguka tangu alfajiri mpaka jua kali. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya boriti ili iwe nzito, na kumchapa kidogo akisinzia. Kinu kililia nyeee, nyeee, mtaa mzima ukajua tumeamka. Nywele zangu zilinuka simsim, mkeka wangu ulinuka simsim, na nilikula mashudu ya moto kwa sukari guru mpaka tumbo likavimba. Mpaka leo sijaona utamu kama ule, usinipe keki zenu.

Nyanya hakuwa na mchezo na mafuta yake. Mafuta ya kwanza ya kila msimu hayakuuzwa. Yalikwenda kwenye taa za msikiti, kwa wazazi waliojifungua, na kwa kila kitu kipya kilichoingia nyumbani. Mlango mpya, kitasa kipya, jembe jipya, vyote alivipaka kwa bismillahi. "Kitu kisichoonja mafuta yangu," akisema, "hakijawa chetu."

Mama alifariki mimi ningali nanyonya, na baba alifanya kazi Mombasa kwenye karakana ya kutengeneza mashine. Alikuja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Ramadhani, akafunga nasi, na Idi ikipita akaondoka. Kwa hivyo mimi Idi sikuipenda. Wenzangu wakirukaruka na nguo mpya, mimi nilikaa mlangoni nikichunga mzigo wa baba, nikidhani nikiuchunga hautafungwa. Ulifungwa kila mwaka.

Basi mwaka mmoja akaja si Ramadhani, na hakuja peke yake. Kutoka Mtangawanda wanaume walikuja wamebeba chuma kwa miti mabegani, wakiimba na kulaani kwa zamu. Ilikuwa mashine ya gari. Gari lenyewe, alisema baba, lilikuwa la Mzungu mmoja aliyechoka nalo. Mwili wake ulikuwa umeliwa na kutu, lakini mashine ilikuwa nzima. Akatusomea sifa zake pale pale, jasho linamtoka: silinda mbili, inapozwa kwa maji, magneto ya kutoa cheche, gurudumu zito la chuma, nguvu za farasi wanane.

"Farasi wanane!" akasema nyanya. "Nao wala nini?"

"Petroli, mama. Yatoka Mombasa."

"Basi ngamia wangu ala majani, na majani yako hapo nje."

Baba hakukasirika. Akasema mbele ya watu waliokaa kwenye daka letu la mlangoni, "Mama, nipe msimu huu mmoja. Ikishindika simsim ya watu, nakaa Siyu, sirudi tena. Ikishindwa, narudi Mombasa, na habari ya mashine hutaisikia maisha." Nyanya akasema haya. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Yote niliyasikia. Tangu siku ile niliijua mashine ile kuliko nilivyojua juzuu yangu, na mwalimu wa chuo cha Kurani alinichapa kwa sababu hiyo.

Mashine yenyewe ilikuwa na maudhi, ee Mola! Plagi zilishika masizi, ukizisahau inapiga silinda moja na nyingine yasusa. Magneto haikupenda hewa yetu ya bahari. Ikipata unyevu haitoi cheche, na baba akaifungua, akaizungushia kitambaa, akaiweka karibu na meko, nyanya akalalamika kwamba jikoni kwake kumewekwa mgonjwa. Kabureta ilisongwa na uchafu mdogo kama chembe ya mchanga. Jirani yetu, fundi wa viatu, ndiye aliyetupa ngozi laini ya mbuzi tukachujia petroli, na ndiye aliyetushonea mkanda wa ngozi ya ng'ombe wa kuzungusha kinu. Siyu ndiko kwao ngozi, ule mkanda haukukatika kamwe. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, yangeziba njia za ndani, kwa hivyo tulichota ya mvua kwenye jabia, birika la msikiti. Na ile hendeli ya kuwashia! Ukiishika vibaya inakurudishia teke. Ilimtegua jirani kiwiko, akaitukana mpaka adhana ikamnyamazisha.

Lakini ilizunguka. Kinu kiliacha kulia nyeee, kikawa kinanguruma, na simsim ya kutwa ikaisha kabla ya adhuhuri. Nilijiona mimi ndiye binti wa mfalme.

Sasa ngoja nikwambie kosa lilipoingia. Mashine ilikuwa na mafuta yake ya kulainishia, meusi, ndani ya debe lenye maandishi ya kigeni. Nyanya aliyatazama kwa jicho la pembeni tangu siku ya kwanza. "Haya ya mnyama gani?" Baba akamwambia si ya mnyama, yachimbwa chini ya ardhi. Nyanya akanigeukia, "Umesikia? Mafuta yachimbwa kama muhogo!" Alikwisha kusikia Lamu kwamba mafuta mengine ya Wazungu ni ya nguruwe. Na kinu chake ndicho kilichowashia taa za msikiti. Angelalaje?

Asubuhi moja baba alikwenda Mtangawanda kupokea petroli. Nyanya akanifanya nishike mdila wa kahawa na mrija wa kumiminia. Akayafungulia yale meusi yote yakatoka, akayamwaga mbali na nyumba. Debe alilokingia akaliosha mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Kisha akatia ndani ya mashine mafuta yake ya kwanza ya msimu, yanang'aa kama asali, huku anasoma Fatiha. "Sasa imekuwa yetu," akasema. "Usimwambie babako. Jema halitangazwi."

Baba alirudi, akawasha, mashine ikaenda kama hariri. Moshi ulinukia visheti, watoto wakajazana mlangoni. Baba alinusa, lakini nyumba ya kinu itanuka nini tena? Yalipochanganyika na masizi ya ndani yakawa meusi vilevile, hata alipoyapima hakushuku kitu.

Habari zikaenea, na wakulima wakaleta simsim yao yote kwa wakati mmoja. Magunia yalijaa uani mpaka kwenye daka, na mawingu ya mvua yalikwisha kujionyesha. Ndipo hendeli ikaanza kuwa nzito. Kila asubuhi nzito kuliko jana. Halafu siku moja baba akaishika, akaivuta, akaipandia kwa mguu. Haikusogea.

Jirani akasema kwa sauti, "Bwana, farasi wote wanane wamelala?" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alifungua plagi, akafungua kabureta, akapanguza magneto, hakuona ugonjwa. Akaingia chumbani. Nikamfuata, nikamkuta anakunja mkeka wake.

Sikungoja. Niliambiwa ninyamaze, lakini ni siri gani hiyo ya kumfukuzia mtu babake? Nikamwambia yote, kwa kilio, kamasi zinanitoka.

Alitoka uani akasimama mbele ya nyanya. "Mama, mashine umeitia nini?"

"Nimeitia mafuta yangu. Ya kwanza." Nyanya hakuinamisha uso. "Nilikupa kilicho bora kuliko vyote nilivyo navyo, mwanangu. Nilitaka ushinde, ukae."

Nakwambia, hasira ilimtafuta baba isimpate. Mwisho akasema polepole, "Mama, ndani ya mashine ni moto mtupu. Simsim ikipikwa mara nyingi hugandaje?"

Mwanamke aliyekaanga na kushindika maisha yake yote, alijua. Akasema, "Hufanya utomvu. Kama karai isiyooshwa." Kisha akajifunga leso kiunoni. "Fungua hicho kitu. Chuma chako, mafuta yangu."

Wakakaa chini mama na mwana, na mimi katikati. Baba alivua vyuma kimoja kimoja, nyanya akavichemsha kwa maji ya majivu na kuvisugua kwa makumbi ya nazi, kama alivyosafisha kinu kila mwisho wa msimu. Pistoni zilitoka na gamba la rangi ya halua. Lakini mafuta gani yatiwe, maana yale meusi nyanya hakuyataka hata kuyasikia? Jirani, kiwiko kimefungwa, akakumbuka mafuta ya mbarika, yale ya kuharishia, anayolainishia ngozi. Hayagandi upesi, na kila mtu anajua yanatoka kwenye mti gani. Nyanya akayanusa, akakubali.

Mashine ikawaka. Tulishindika simsim yote ya watu kabla mvua haijaanguka, ingawa wale waliosimama karibu na moshi wa mbarika matumbo yao yaliendesha siku nzima, na jirani aliyetutania ndiye aliyekimbia zaidi. Alhamdulillahi, tulicheka sisi sasa.

Baba akakaa. Ramadhani ikaja, Idi ikapita, hakufunga mzigo. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na hesabu yangu ya kitoto ilikuwa moja: mashine ikizunguka, baba yupo. Kila asubuhi niliisikiliza kabla sijafungua macho.

Kisha vita vikaja, na petroli ikakoma kuja. Baba alitumia tone la mwisho, akaifunika mashine kwa gunia. Asubuhi ya pili yake niliamka, nyumba kimya. Nilitoka mbio bila leso. Ngamia alikuwa uani, amezibwa macho, amefungwa boritini, na baba yuko nyuma yake anahangaika na kamba.

"Baba, huendi Mombasa?"

"Kufanya nini?" akasema. "Panda boriti, mzito wangu. Simsim ya watu yangoja."

Siku hizi Siyu huoni kinu hata kimoja. Mashamba ya simsim yamekuwa vichaka, ngamia wamekwisha, mafuta twanunua ya kopo na hatuulizi ya mnyama gani. Nyumba yetu imebaki kuta mbili na mgomba. Lakini nilikwenda, nikapalilia majani makaburini, na wote wako pale pale, nyanya na mwanawe, ubavu kwa ubavu. Babangu hakuondoka tena.