Viti Nje, Mkeka Ndani

Sogea karibu unisikilize, na kama kiti ulichokalia ni kigumu, tafuta mto uuweke nyuma ya kiuno kabla sijaanza. Nataka kukueleza jinsi nilivyojifunza kulala sakafuni. Usicheke. Kila mtu mzima hudhani anajua kulala, kwa kuwa hulala kila siku. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka mgongo uliponigomea.

Miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa nilikuwa bibi maendeleo katika wilaya ya Mbinga. Kwa wewe usiyeikuta kazi hiyo: bibi maendeleo alikuwa mtumishi wa serikali aliyekwenda kijiji hadi kijiji kukaa na akina mama, kuwafundisha kushona, kupika uji wa watoto, kusoma na kuandika. Mimi ni mtu wa Kondoa, Mwislamu, na nilipelekwa kwenye milima ya Wamatengo, ambako karibu kila mtu ni Mkatoliki na karibu kila mtu ana kahawa. Nilipewa nyumba ndogo Maguu, chumba na sebule, kuta za chokaa. Nilipapenda tangu mwanzo, ukiondoa baridi.

Kilichoniponza ni ngolo. Milima ya huko ina miteremko mikali, na Wamatengo wana namna yao ya kuilima, ndiyo hiyo ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana, kama nyuzi za wavu. Kisha wanawake huingia na majembe, huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunikia zile nyasi. Hubaki shimo kila mahali, na ukiutazama mlima kutoka ng'ambo utadhani sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hutulia mashimoni, udongo haushuki bondeni. Kuitazama kazi hiyo ni raha. Kuifanya ni habari nyingine.

Shamba la kijiji lilikuwa la wote, na sisi watumishi tulitakiwa kuwa mfano. Nikawa mfano kwa nguvu zangu zote, ila nililima nikiwa nimeelekea bondeni, huku wenzangu wote wameelekea mlimani.

“Bibi Maendeleo, geuka!” alinipigia kelele mama wa nyumba ya jirani. “Mbona unalima kama mtu anayetaka kujitupa?”

“Huku naona mbali!” nikamjibu.

Mpaka mchana nilikuwa siwezi kunyooka. Walinirudisha nyumbani wakinishika mikono huku na huku, nimeinama kama mtu anayetafuta sindano.

Wiki zikapita, maumivu yakakaa. Kulima sikulilia sana, maana wenzangu walinisamehe. Kilichonitisha ni safari ya ziwani. Kabla ya mvua nilikuwa nimeteremka hadi Kihagara, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, nikawaahidi akina mama wa kule kwamba masika yakiisha nitarudi tufungue darasa lao. Nao hawakungoja, walishajenga banda kwa mikono yao, miti na nyasi. Habari hizo zilinifikia Maguu nikiwa siwezi hata kuokota kijiko. Na njia yenyewe ilikuwa ya miguu, kutoka mlimani hadi kwenye maji.

Mkubwa wangu wa kazi alikuja na Landrova akanikuta nimeegemea mlango.

“Dada, sema ukweli,” akasema. “Utafika Kihagara?”

“Nitafika, mzee.”

“Kwa mgongo huo? Usipoweza si aibu. Nitakutafutia meza Songea, ukae upige mihuri.”

Alisema kwa wema kabisa, na ndiyo maana iliniuma. Mwingine wa kwenda Kihagara hakuwepo. Nikikaa mezani, lile banda lingebaki kivuli cha mbuzi, na mimi nisingeitwa tena kwenye kazi ya kutembea. Nilimwomba anipe mpaka njia zikauke. Akakubali, lakini nilimwona akiutazama mgongo wangu.

Msaada niliupata nilikokwenda kununua mafuta ya taa. Pale Mbinga mjini palikuwa na duka la familia ya Kihindi, na mama mwenye duka, mtu mzima kuliko mimi, aliniona nikijaribu kuinua kidebe nikashindwa.

“Wacha hiyo,” akasema. “Pita ndani.”

Nyuma ya duka, katikati ya magunia, alitandika mkeka. Akanilaza chali, akakunja blanketi akaniwekea chini ya kichwa, kisha akanipandisha miguu, kuanzia magotini hadi nyayo, juu ya sanduku la sabuni, mapaja yamesimama na miguu imelala, kama mtu aliyekaa kitini halafu kiti kikaangushwa nyuma.

“Sasa nifanye nini?” nikauliza.

“Hapana fanya.”

“Nikaze tumbo?”

“Hapana kaza. Wewe iko na kazi kichwani. Toa pumzi tu, polepole. Ile ya kuvuta itakuja yenyewe.”

Ndipo nilipolisikia neno yoga kwa mara ya kwanza. Alinieleza kwamba kwao yapo mazoezi mengi ya namna hiyo, mengine ya watu wenye nguvu kama nyati, lakini haya ya kupumzisha alifundishwa na mama yake, kwa ajili ya mwili uliochoka. Mazoezi ya mwili kuegemezwa, usijishike kwa nguvu zako mwenyewe. Nilipoinuka pale chini maumivu hayakuwa yamekwisha, lakini kwa mara ya kwanza yalikuwa yamepungua sauti.

Akanifundisha na lingine. Unapiga magoti, unakaa juu ya visigino, unaweka mbele yako gunia la maharage lisilojaa sana, halafu unalilalia kifua na shavu kama unamkumbatia mtu. Nikamwambia hili mwili wangu unalijua kidogo, kwa sababu ya kusujudu. Akacheka. “Basi wewe iko mwanafunzi mzuri zamani.”

Kwa hiyo nikaanza nyumbani, na hapa naomba uwe mvumilivu nami kama nilivyolazimika kuwa mvumilivu nami mwenyewe. Siku za mwanzo nilipumzika kwa bidii, meno nimeyauma. Tulikuwa watu wa kazi sisi, wakati ule mtu asiyefanya kazi akiitwa kupe, na kulala chini mchana kulinifanya nijisikie kupe aliyenona. Kama utaanza na ukajiona hivyo, usijali. Huna haja ya kupigana na mawazo hayo. Yaache yazungumze, wewe endelea kutoa pumzi. Na ukisikia mahali panauma kwa kuchoma, punguza. Ongeza blanketi, sogeza sanduku, kunja magoti kidogo zaidi. Hakuna anayekupa alama.

Shida yangu nyingine ilikuwa nafasi. Sebule ilijaa meza na viti vya serikali, vizito, vyenye namba za rangi chini yake. Nikinyoosha mkono nagonga mguu wa meza. Basi asubuhi moja ya Jumamosi nilimwomba kijana aliyekuwa akipita anisaidie kutoa vyote. Tukavipanga nje, chini ya dirisha. Nikafagia, nikatandika mkeka katikati ya sebule tupu, nikaacha mlango wazi ili mwanga uingie, nikajifunika khanga kwa sababu ya baridi, nikapandisha miguu kwenye sanduku langu. Nikafumba macho. Siku hiyo, sijui kwa nini, mwili ulikubali. Nikasinzia, na miguu ikateleza kutoka kwenye sanduku ikanyooka yenyewe.

Wewe msikilizaji wa pande zetu umeshaelewa nilichokifanya. Viti vikitolewa nje na mkeka ukatandikwa sebuleni, kuna nini nyumba hiyo?

Niliamshwa na kilio. Mama jirani alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa kuni kichwani, nyuma yake wanawake wengine, mmoja na unga kwenye ungo, mwingine na sufuria kubwa ya shughuli. Walikuwa wameona viti kutoka njiani, wakajua Bibi Maendeleo amepata msiba kwao Kondoa. Kumbe kufika mlangoni wakaniona mimi mwenyewe nimenyooka chini ya khanga.

“Mwanangu weee! Na ugeni wote huu!” alilia mama jirani.

Nikafumbua macho. “Shikamoo, mama.”

Kuni zilianguka zote. Yule wa unga alifika barabarani kabla ungo haujatua chini.

“Marahaba!” akaitikia mama jirani, kwa mazoea tu, mkono kifuani. Halafu akanisogelea akanibonyeza shavu. “Ana joto. Rudini nyie, marehemu ana joto!”

“Labda alikuwa anaswali,” mwingine akasema kutoka nyuma. “Si Mwislamu?”

“Wanaswali chali?”

“Sijui, mimi ni Mkatoliki.”

Nilijaribu kueleza, lakini kila nikianza mmoja anacheka na kuwaambukiza wenzake. Mwishowe mama jirani aliketi kwenye mkeka akafuta machozi, ya kilio na ya kicheko pamoja. “Sasa kuni nimeleta, unga umemwagika nusu, na mtu hakufa. Utatufidia nini?”

“Lala hapa,” nikamwambia.

“Mimi?”

“Mgongo wako umechimba ngolo tangu usichana. Lala, mama.”

Alilala, kwa mashaka, akishika kitambaa cha kichwa. Nikampandisha miguu kwenye sanduku, nikamkunjia blanketi. Wenzake walisimama kumzunguka wakingoja aseme neno. Alifumba macho, mkono ukaachia kitambaa.

“Vipi?” wakamuuliza.

“Nendeni mkapike ule unga uliobaki,” akasema bila kufumbua macho. “Mimi nipo kwenye msiba.”

Tangu hapo sikuwa peke yangu tena. Walikuja wawili watatu kila walipopata nafasi, na kwa kuwafundisha wao nikajifunza mimi. Anayemfundisha mwenzake kulegeza mabega huona aibu kuyakaza ya kwake.

Njia zilipokauka nilianza safari. Mama jirani alikuwa akiteremka pia, kubadilisha maharage kwa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kwa hiyo tukaenda pamoja. Nusu ya kwanza niliimba. Kisha ule mteremko wa mwisho, wenye mawe yanayoteleza, ukaanza kunikumbusha ngolo. Ziwa lilikuwa mbele yetu, limetanda jeupe hadi milima ya ng'ambo, na mimi nilikuwa siwezi kuinua mguu.

“Turudi?” akauliza.

“Kurudi ni kupanda.”

“Basi lala.”

Nikalala palepale kando ya njia, miguu juu ya jiwe, kichwa kwenye khanga yake. Nikatoa pumzi. Maumivu yakaanza kushuka taratibu, na ningeweza kuendelea salama, isipokuwa nilisikia sauti za watu wakipanda kutoka Kihagara. Mtumishi wa serikali amelala njiani! Nikaruka nikakaa mara moja, kwa aibu. Mgongo ukanikamata upya, safari hii vikali zaidi.

Waliokuwa wakipanda walikuwa akina mama wa lile banda, wamekuja kunipokea. Mama jirani akawaambia wakae wasubiri, mgeni wao hajamaliza. Nikalala tena, mbele yao wote. Nilipokuwa tayari, mama jirani alinizuia bega. “Usiruke. Geuka kama mtoto anayeamka.” Nikageuka ubavu, nikatulia kidogo, nikajisukuma kwa mikono, kichwa kikafuata mwisho. Nikasimama bila kilio.

Tulifika Kihagara jua likiwa bado juu, tukafungua darasa alasiri hiyohiyo. Baadaye nikaenda mpaka Ngumbo, mbele zaidi kando ya ziwa, na habari ya meza ya Songea haikutajwa tena. Ila jambo la kwanza nililofundisha kwenye banda lile halikuwa kushona. Walikuwa wameniona njiani, walitaka kujua.

Kwa hiyo na wewe, leo, ukishalala na ukapumzika vya kutosha, usiinuke kwa pupa. Kunja magoti, geukia ubavu wa kulia, kaa hapo uvute pumzi kadhaa, kisha sukuma sakafu kwa mikono miwili na uache kichwa kiwe cha mwisho kuinuka.