Nani Alipika Pire

Mume wangu alipika kuliko mimi, na jambo hilo liliniudhi kabla halijanitisha. Kabla ya uhuru alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja mwenye shamba la pamba kule Luberizi. Mzungu alipoondoka, yeye alirudi Uvira akaanza kuvua ndagala, dagaa wa ziwani, kama wanaume wengine. Lakini Jumapili alinifukuza jikoni. Alichemsha viazi vya Lemera na maganda yake, akavimenya vingali vya moto, akavipondaponda kwa mwiko wa bugali huku akimimina maziwa kidogo kidogo. Chakula hicho alikiita pire. Mimi nilikiita bugali ya vibogoyo, naye alicheka, maana sahani yangu ilirudi tupu.

Waasi walipoingia mjini tuliacha kucheka. Waliwatafuta makarani, walimu, na kila aliyewahi kula kwa wazungu. Kwetu mwanaume hashiki mwiko. Akiushika, watu wanajua alifundishwa na nani. Tukakubaliana kwamba mpishi ni mimi, na pire ikakoma.

Nilikuwa na mimba. Siku tatu mfululizo nilitapika kila kitu, nikamsihi anipikie pire mara moja tu. Alikataa, kisha akanihurumia, akapika.

Waasi waliingia wanne, mchana, mlango ukiwa wazi. Mdogo wao, kijana tu, hakungoja kukaribishwa. Alichota kijiko kizima cha pire akameza. Mkubwa wao akauliza, "Nani alipika hii chakula?"

"Ni minye, papa," nilijibu upesi, nikijiona mwerevu.

Kijana akatema mate. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mji mzima ulilijua: dawa yao, ile ya kugeuza risasi kuwa maji, iliwakataza chakula cha mkono wa mwanamke, sembuse mwenye mimba. Mdomo huponza kichwa. Kijana alinielekezea bunduki huku machozi yakimtoka. Aliamini nimemuua.

Mume wangu akasimama. "Anadanganya. Ni minye nilipika."

"Weye mwanaume, unapikaka?"

"Ndiyo."

"Pika sasa, tuone."

Vilikuwa vimebaki viazi vinne. Walingoja vichemke, bunduki bado inanitazama. Nilijua akikosea nitakufa mimi, na akipatia watajua alikotoka. Ninaona aibu kusema kwamba niliomba apatie.

Alipatia. Maganda yalitoka membamba, maziwa yaliingia kwa kipimo, na alipomaliza alifuta ukingo wa sahani kwa kitambaa safi. Hakuna mwanaume wa Uvira aliyefuta ukingo wa sahani. Nadhani hata hakujua kwamba mkono wake umefanya hivyo.

Mkubwa wao aliitazama sahani, akamtazama yeye. "Ulikuwa unapikia Bazungu."

Mume wangu akawasogezea sahani. Wakala hadi wakamaliza, yule kijana kwanza.

"Sasa utatupikia siye," mkubwa akasema.

Wakaondoka naye kwa njia ya mlimani. Hakuruhusiwa hata kuvaa viatu. Baadaye mama mmoja wa Bwegera alisema alimwona akikoroga sufuria kubwa kambini. Kisha jeshi la serikali likaja, kambi ikatawanyika, na hakuna aliyemwona tena.

Mama mkwe wangu aliwalaani waasi hadi siku aliyokufa, mimi nikiwa nimekaa kando yake namwitikia. Aliniuliza mara nyingi kwa nini mwanawe alipika siku ile, wakati alijua hatari. Kila mara nilimjibu kwamba sijui.