Nilivyong'oa hita ya gesi na kurudisha meko ya kuni ili mama mkwe asihame

Wakuu, salamu kutoka Rosettenville, Joburg. Baridi inang'ata, ila ninayosimulia hayana chumvi.

Mimi Mtanzania, mke wangu wa huku huku. Tunaishi na mama yake. Enzi za harakati za kupinga ubaguzi alikaa uhamishoni Morogoro miaka mingi, Kiswahili chake kinanipita. Ndiye pekee ambaye wanangu humjibu Kiswahili. Sisi wanatujibu Kiingereza.

Sebuleni kulikuwa na hita ya gesi, imepachikwa kwenye meko ya zamani. Mama akaichukia.

"Mwanangu, moto huu hauna roho."

Akawa anajifungia chumbani na mablanketi. Mwisho akatangaza anahamia Durban kwa kaka wa mke wangu, kwenye joto. Begi likashushwa kabatini.

Nikaona Kiswahili nacho kinafungasha.

Nikaita mtu wa gesi mwenye kibali, akakata na kuziba bomba. Kisha nikamleta Papa Kalonji, mwashi wa Lubumbashi.

Wakuu, yule ni fundi! Siku nzima ya kwanza anachungulia chimney tu. Akatoa ndoo mbili za viota vya ndege. Nikamhimiza tuwashe.

"Moto haina shida. Shida ni njia ya moshi. Kama haina njia, itaua batu."

Wiki iliyofuata tukawasha. Mama akavuta kiti, wajukuu miguuni. Raha niliyoipata siwezi kuieleza.

Jumapili mchana moto ukabaki makaa, mama kasinzia pale pale. Mimi na ubahili wangu, nikaona joto linapotelea juu. Nyumbani si tunafunika makaa? Nikafunga kile kifuniko cha chuma ndani ya chimney, nikaenda dukani.

Njiani nikakumbuka. Makaa kwenye chumba kisichopumua huua kimya kimya! Nilirudi mbio, sandali moja nikaiacha barabarani.

Mama yuko macho, anawategea wajukuu vitendawili.

Nikafungua kifuniko, nikampigia Papa. Akacheka.

"Nilikata pembe ya kifuniko, haifungake yote. Siye bote tulikomalia ku mbabula, jiko ya makaa. Nilijua utafunika tu."

Alinijua kuliko ninavyojijua. Nimejifunza: fundi wa kweli humsoma na mwenye nyumba. Na makaa yakiwaka, kifuniko usikiguse.

Begi limerudi juu ya kabati. Jana kitindamimba wangu kasema, "Bibi, niongeze kuni?" Machozi yalinitoka, nichekeni tu.

Wenye meko ndani, mnawasha kuni gani? Na fundi gani aliwahi kuwaokoa na ujuaji wenu?